Altec 604: uongeze twita (kispika cha sauti nyembamba za juu) ya domu, yaani kikuba, au ya honi, yaani yenye mdomo kama tarumbeta?
Mwenye Altec 604 anajua, hizi monita, yaani spika za kusikilizia studioni, za tangu miaka ya 1940, sauti ya muimbaji inatoka kama kasimama mbele yako ila matoazi yanafifia mapema mno. Twita ya domu laini bei poa na ni tamu, lakini nyingi zinatoa desibeli 90 hivi kwa wati moja wakati 604 iko kwenye 100, so inamezwa mzima mzima. Mi nasema JBL 2405H aisee, nayo ni honi, desibeli 105, unaipunguza sauti tu mpaka itulie, na kapasita ya maikrofaradi 2.2 inaizuilia sauti za chini ya hezi 9000 hivi. Bei inauma kweli. Twita yenyewe isogeze nyuma mbele kidogo kidogo huku unasikiliza brashi kwenye toazi, ikikaa sawa zile nyaya za brashi unazisikia moja moja.