Guice 7 baada ya miezi nane: toleo kubwa lililobadilisha kitu kimoja

Nimekaa na Guice 7 miezi nane sasa hapa Kisumu, kwa mfumo wa sacco moja ya wauza samaki, na kabla ya hapo nilikaa wiki tano na Guice 6, na naandika juu ya hizo mbili pamoja kwa sababu moja huielewi ukiiacha ingine. Zilitoka Mei 2023. Wasee wengi wa Java huku kwetu bado wako kwa 4 ama 5 na wanaogopa kuguza, hata mimi niliogopa, karibu mwaka mzima nilikuwa naiona kwa orodha ya apdeti nasema hiyo ni ya mwezi ujao.

Kwa wale hawajawahi kuitumia, Guice (isome kama "juisi") ni maktaba ya Java ya dipendensi injeksheni, Google waliitoa 2007. Kazi yake ni rahisi kueleza ukiwa umekaa Dunga, ufuoni hapa Kisumu. Mpishi wa hoteli pale ufuoni hashuki ziwani kuvua, yeye anasema nataka samaki, na samaki analetwa. Kama leo ni ngege ama ni mbuta, kama ametoka kwa boti ya huyu ama ya yule, hiyo mwenye hoteli aliamua asubuhi mapema, mpishi yake ni kukaanga. Sasa klasi yako (kipande cha msimbo chenye kazi yake) ndio mpishi, inasema inachotaka kwa konstrakta (pale klasi inapotengenezwa) yenye alama ya @Inject, na mwenye hoteli ndio moduli, humo ndani unaandika ukitakwa hiki, leta kile. Kwetu faida kubwa iko kwa testi. Klasi yetu ya malipo inaongea na M-Pesa, na hakuna mtu anataka kila testi iitishe pesa kwa simu ya mtu, kwa hivyo kwa moduli ya testi nabadilisha mstari mmoja, klasi ya malipo ya kuigiza inaingia, na klasi zingine zote zinaendelea na kazi bila kujua.

Sasa 7 ilikuja na nini? Jina. Ni hilo tu, na ndio maana naipenda. Hizo alama kama @Inject, @Singleton na @Named zilikuwa zinaishi kwa pakeji inaitwa javax.inject tangu 2009, zilipitishwa chini ya JSR-330, hati ya makubaliano ya Java, na walioiongoza walikuwa Bob Lee, mmoja wa walioanzisha Guice, na Rod Johnson wa Spring, maktaba ingine ya kazi hiyo hiyo, yaani mahasimu wawili walikaa chini wakakubaliana alama moja ya kutumiwa na kila mtu. (Bob Lee alifariki Aprili 2023, mwezi mmoja kabla 7 itoke. Niliwaza hiyo sana wakati nabadilisha zile faili, kwa sababu nilikuwa natoa jina moja moja kitu ambacho yeye alisaidia kuweka.) Halafu Oracle wakapeleka Java EE, ule mkusanyiko wa Java wa mifumo mikubwa ya ofisi, kwa Eclipse Foundation, mazungumzo yakafika kwa haki ya jina, ikaamuliwa 2019 kwamba hao Eclipse hawawezi kuendelea kubadilisha vitu chini ya jina javax, na kufika mwisho wa 2020 Jakarta EE 9 ikahamisha kila kitu kwenda jakarta. Alama ni zile zile, tabia ni ile ile, lakini kwa kompyuta javax.inject.Inject na jakarta.inject.Inject ni vitu viwili havijuani kabisa.

Kijana tunayefanya kazi naye aliniuliza, "Omera, si ni jina tu? Si tufanye tafuta-badilisha tumalize kabla ya lanchi?" Nikamwambia kumbuka noti ya elfu. Tarehe 1 Juni 2019 noti mpya zilitangazwa, na ile ya zamani ya elfu moja ikapewa mpaka tarehe 30 Septemba. Kwa hiyo miezi minne, mama wa omena pale soko la Kibuye alikuwa anachukua noti ya zamani na anachukua mpya, anaweka zote kwa leso moja, biashara inaendelea. Hebu fikiria kama serikali ingesema kesho asubuhi ya zamani haifanyi kazi. Noti ni karatasi tu, ni sura tu imebadilika, lakini soko lingesimama.

Guice 6 ndio hiyo miezi minne. Ukiwa kwa 6, injini yenyewe inakubali javax.inject na jakarta.inject zote mbili, unaweza kuwa na klasi moja ya zamani inaletewa kitu na klasi mpya, ndani ya injekta moja (ile inayoleta vitu), na hakuna inayolalamika. Ukifika 7, javax imekwisha, ni jakarta peke yake. Na hawakuongeza vituko vingine kati ya 6 na 7 vya kukufanya uwaze kama ni jina limeharibu kitu ama ni kipya walichoweka. Mtu aliyekaa chini akaamua hivyo anajua maisha ya sisi tunaobeba mifumo ya miaka sita na tuko wawili ofisini, stima inaweza kupotea saa tisa na mteja anataka ripoti saa kumi.

Kwa hivyo nilifanya hivi. Wiki ya kwanza nikatoka 5.1 kwenda 6 na sikubadilisha mstari hata mmoja wa msimbo, nikapeleka kwa seva, nikaangalia siku tatu, kimya. Halafu nikaanza kubadilisha pakeji moja moja, leo akiba, kesho mikopo, kesho kutwa malipo, na kila jioni napeleka. Hiyo ndio sikukuu ya hii kitu. Kila jioni mfumo ulikuwa mzima. Hakukuwa na ile tawi la msimbo linakaa kando wiki nne linaoza huku wengine wanaendelea na kazi. Na zile klasi zilikuwa zinatumia alama ya Guice mwenyewe, com.google.inject.Inject, hizo hazikuhitaji kuguswa kabisa, kwa sababu hiyo iko kwa 6 na iko kwa 7.

Penye nilishikwa ni servleti (msimbo wa kupokea maombi ya wavuti) na databesi, na hapa nawalaumu kidogo. Kwa 6, ni ile injini tu imefunguliwa pande mbili. Zile nyongeza, guice-servlet na guice-persist, bado ziko kwa javax, halafu kwa 7 zinaruka moja kwa moja kwenda jakarta. Maana yake kama una faili za wavuti na za databesi kwa mfumo wako, hizo hazina daraja, hizo zinavuka siku moja zote pamoja na seva ya wavuti yenyewe na Hibernate yenyewe, ile maktaba ya kuongea na databesi. Kwetu ilikuwa Jumamosi nzima mpaka saa tano usiku. Naelewa kwa nini, huwezi kukubali servleti za aina mbili wakati seva yenyewe inaongea aina moja, lakini ningependa hiyo iandikwe kwa herufi kubwa pale juu kabisa, kwa sababu mtu anasoma "6 inakubali zote" anapanga wiki yake vibaya.

Na sasa kitu muhimu zaidi, tafadhali hapa someni polepole.

Ukifika 7 na kuna klasi umesahau na javax.inject, kinachotokea kinategemea umesahau nini. Kama ni @Inject ya konstrakta, uko salama, Guice itakataa kuwaka na itakuambia haioni konstrakta ya kutumia. Kama ni @Inject ya fildi, haisemi kitu, hiyo alama haiitambui tena, fildi inabaki tupu, na utajua siku mtu atabonyeza kitufe kinachoitumia. Lakini mbaya kuliko zote ni @Singleton, ile inayosema klasi itengenezwe moja tu. Sisi tulikuwa na klasi ya kushika miunganisho ya databesi, ina konstrakta isiyo na kitu ndani ya mabano, juu yake iko javax.inject.Singleton. Kwa 7 hiyo alama ikawa kama haipo. Klasi bado inatengenezwa vizuri, inafanya kazi vizuri, ila badala ya moja kwa mfumo mzima, kila anayeiomba anapewa mpya. Na hiyo klasi ndani inafungua HikariCP, maktaba ya kuweka miunganisho tayari, ambayo usipoiambia kitu inaruhusu miunganisho 10, na PostgreSQL, databesi yetu, usipoiguza inakubali 100. Piga hesabu. Waombaji kumi tu na databesi imefunga mlango. Nashukuru ilitokea kwa seva ya majaribio, nilikaa pale saa mbili nasoma mipangilio ya databesi, nikilaumu mtandao, kabla ya kuona ule mstari wa import juu ya faili.

Kama ningekuwa kwa meza ile wakati 7 inapangwa, hiki kimoja ningekililia. Toleo kubwa lina haki ya kukataa cha zamani, hakuna shida, lakini likikataa likatae kwa sauti. Kwangu haikusema chochote. Ukiona alama ambayo jana ulikuwa unaiheshimu, na leo huiheshimu, mwambie mwenye mfumo, hata kama ni mstari mmoja wa onyo pale mwanzo. Mama wa Kibuye mwezi wa kumi ukimpa noti ya zamani alikurudishia akakuambia hii haitembei, hakuichukua akaiweka kwa leso akanyamaza.

Dawa yake nilipata, na ni rahisi: toa jar (faili ya maktaba) ya javax.inject kabisa kwa mradi. Ikitoka, kompaila yenyewe itapiga kelele kwa kila faili uliyosahau. Shida ni kwamba kuna maktaba zingine zinaileta kisirisiri, kwa hivyo endesha mvn dependency:tree, amri ya Maven ya kuonyesha maktaba gani inaleta gani, tafuta jina, na kila penye inaingilia weka eksklushoni, yaani uizuie. Mimi niliipata ikiingia kutoka sehemu tatu.

Ujumbe wa hitilafu pia nauongelea kidogo kwa sababu hapo wamefanya kazi safi kuanzia matoleo ya 5. Zamani Guice ikikasirika ilikuwa inakumwagia ukurasa mzima na wewe utafute mwenyewe. Siku hizi inakuandikia kwa mabano [Guice/MissingImplementation], inakuambia nani aliomba, kwa klasi gani, mstari gani, na inaorodhesha makosa yote mara moja, haikupi moja ukirekebisha inakupa lingine. Hata huyo kijana wetu, mwezi wake wa pili na Java, anasoma anaelewa.

Mtu ataniuliza, na wengine je? Spring 6 ilitoka Novemba 2022, na yenyewe ilichukua jakarta na Java 17 kama lazima, zote kwa mkupuo mmoja. Wana sababu zao na mfumo wao ni mkubwa zaidi, lakini kwa ofisi ndogo yenye seva ya zamani hayo ni mambo mawili mazito mlangoni siku moja. Na kuna Dagger, ambayo toleo la kwanza lilitoka Square na la pili Google wakalichukua, 2.0 ikatoka 2015, pale waliacha njia yao ya zamani, ObjectGraph, wakaleta mpya, Component, na msimbo wote ukawa unatengenezwa wakati wa kukompaili. Hiyo ilikuwa kuandika upya apu yako, kusema ukweli, lakini walipata kitu kikubwa: kosa linaonekana kabla programu haijawaka. Guice bado inasubiri mpaka iwake. Kwa seva mimi sioni ubaya, inawaka mara moja kwa wiki, lakini kwa apu ya simu ningechukua Dagger bila kufikiria mara mbili.

Nyota nne kwa tano. Ile moja ni ya Singleton.

Kuna dada mmoja wa Eldoret alinitumia swali wiki iliyopita, yuko kwa 4.2, mfumo wa shule, anauliza kama anaweza kuruka moja kwa moja mpaka 7. Dada, usiruke. Panda 5.1 kwanza ukae wiki, halafu 6, badilisha majina ukiwa hapo kwa 6 bila haraka, halafu ukipanda 7 toa ile jar hapo hapo (6 yenyewe bado inaihitaji), na ukiona kompaila imenyamaza ndio upeleke kwa seva. Na kama una maktaba ya mtu mwingine ambayo bado inaongea javax na mwenyewe hajibu barua, kama ile yetu ya kuchapisha risiti, usisubiri yeye: andika mbinu yenye @Provides kwa moduli yako, uitengeneze hiyo klasi kwa mkono wako na new, umpe inachotaka, uweke @Singleton ya jakarta juu ya hiyo mbinu. Yetu ni mistari tisa na imeendesha risiti za sacco tangu Machi.