Uzoefu wangu na Pokémon HeartGold: hivi ndivyo gemu ya zamani inavyorudishwa

Nianze na hukumu yangu: katika gemu zote za Pokémon (viumbe unaowakamata na kuwafunza kupigana) zilizotengenezwa upya, hakuna inayoifikia HeartGold, ambayo ni Gold ya zamani iliyorudishwa. Kila mashabiki wanapopashana habari kwamba toleo fulani la zamani linarudi, mimi huwasha DS yangu, kifaa cha Nintendo cha kuchezea gemu mkononi, na kuicheza tena hii, nipate kipimo cha kulinganishia.

Gold na Silver zilitoka Japani mwaka 1999. Niliicheza Gold utotoni, kwenye Game Boy Color aliyoileta mjomba kutoka Muscat. Miaka 10 baadaye, Septemba 2009, Game Freak, kampuni inayotengeneza gemu za Pokémon, ikazitoa upya kwa ajili ya Nintendo DS, kwa majina ya HeartGold na SoulSilver, na Machi 2010 zikafika Marekani na Ulaya. Hamu ya mashabiki wakati ule haikuwa ya kumbukumbu tu. Gold ilikuwa na saa ya ndani, usiku na mchana vikipita kwenye gemu kama vinavyopita dirishani kwako. Saa hiyo iliendeshwa na betri ndogo ya duara ndani ya kaseti, na betri hiyohiyo ndiyo iliyoshikilia kila ulichosevu. Ikiisha, Pokémon wako wote wamekwenda. Kaseti nyingi zilikuwa zimeanza kufa hivyo, kwa hiyo kutoka kwa toleo jipya kulikuwa kama kurudishiwa nyumba iliyobomoka.

Na walioirudisha hawakuridhika na kupaka rangi. Ya kwanza utakayoiona ni kwamba Pokémon yeyote unayemweka mbele kwenye timu anatembea nyuma yako. Zamani raha hiyo ilikuwa ya Pikachu peke yake, kwenye toleo la Yellow. Hapa wako 493, kila mmoja na picha zake za kutembea. Ukimgeukia na kubonyeza A, anakuonyesha hali yake: anaruka kwa furaha, anaangalia maji, au ameokota kitu njiani na anakupa. Wakubwa kama Steelix hawaingii ndani ya nyumba ndogo, ila ukitoka nje yuko nawe tena. Mimi nilimchagua Cyndaquil awe Pokémon wangu wa kwanza, na kumwona akinifuata kwenye majani ya New Bark Town, mji unakoanzia, kulinigusa kuliko nilivyotarajia.

Halafu kuna Pokéwalker, kifaa kidogo cha mviringo, chekundu na cheupe, kilichouzwa ndani ya boksi moja na gemu. Unahamishia humo Pokémon mmoja, unakifunga kiunoni, unakwenda zako. Kila hatua 20 inakupa wati 1, na wati ndizo unazotumia kutafuta Pokémon wa porini au vitu vilivyofichwa. Kinawasiliana na gemu kwa mwanga wa infraredi, na kwa kuwa DS yenyewe haina infraredi, waliiweka ndani ya kadi ya gemu. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayetaka kuuza kumbukumbu tu.

Hadithi nayo imepanuliwa bila kuharibiwa. Walichukua na mambo ya Crystal, toleo la tatu lililofuata Gold na Silver, pamoja na simulizi ya Suicune, Pokémon wa hadithi za kale. Hapo ndipo ninapoiona tofauti na Brilliant Diamond ya 2021, ambayo ni Diamond iliyotengenezwa upya: ile ilishikamana na Diamond na kuyaacha mengi mazuri ya Platinum, toleo lililoiboresha Diamond, na mashabiki waliosubiri miaka mingi walikuwa na haki ya kulalamika. Viridian Forest, iliyokuwa imeondolewa kwenye Gold, hapa imerudi. Eneo la Kanto, la gemu za kwanza kabisa za Pokémon, lote linakufungukia baada ya Johto, eneo unakoanzia, beji 16 kwa jumla, moja kwa kila kiongozi wa jimu (ukumbi wa mapambano) unayemshinda. Ukishazipata zote, kuna mtu katika mji wa Celadon anakupa kifaa kinachorudisha muziki uleule wa Game Boy. Kipateni, jamani, msikilize tena muziki wa mji wa Goldenrod.

Whitney, kiongozi wa jimu wa Goldenrod, bado ni yuleyule. Miltank, Pokémon wake wa umbo la ng'ombe, anabingirika, kila pigo likipata nguvu maradufu ya lililotangulia, na ukidhani umemmaliza anakunywa maziwa na kurudisha nusu ya uhai wake. Ukimshinda, Whitney anaangua kilio na hakupi beji papo hapo. Wahi kutafuta Pokémon mwenye nguvu za kupigana ngumi na mateke. Hata Machop anatosha.

Kasoro kubwa ni leveli, yaani viwango vya nguvu za Pokémon. Baada ya mji wa Ecruteak unaruhusiwa kuwafuata viongozi watatu wa jimu kwa mpangilio unaoutaka, na ili hilo liwezekane, leveli za Pokémon wa porini zimebaki chini kwa muda mrefu mno. Kisha mlima unasimama ghafla: Dragonite mkubwa wa Lance, bingwa, yuko leveli 50, lakini Pikachu wa Red, mpinzani wa mwisho anayekusubiri kule kwenye mlima wa Mount Silver, yuko leveli 88. Kuijaza nafasi hiyo kunachosha, kwa kuwa wa kupigana nao ni walewale dhaifu. Kasoro hii ilikuwepo tangu 1999, na hapa ndipo nilipotaka waiguse zaidi. Hata hivyo nilipanda hadi kileleni, na pambano lile halijapata mpinzani.

Kwa anayeitafuta leo: inapatikana kwa mtumba tu, bei imepanda, na feki zimejaa. Iinue kadi kwenye mwanga. Plastiki ya kadi halisi ni nyeusi inayopitisha mwanga kidogo, kwa sababu ya ile infraredi. Ikiwa ya kijivu isiyopitisha mwanga, mrudishie muuzaji. Pokéwalker ikikosekana usiiache gemu kwa sababu hiyo, hadithi yote inachezeka bila yake. Ikiwepo, nunua na betri mpya ya CR2032.