Huduma ya kupima kemia ya chembe za madini: sisi wa Busia tumeijaribu

Wengi hapa Busia wananiuliza kama hii huduma ni ya kweli ama ni ya kula hela za wachimbaji wadogo. Kikundi chetu kimeitumia, kwa hivyo wacha niseme.

Kwanza hii siyo asei. Kwa asei unapeleka jiwe wanalisaga wanakuambia dhahabu gramu ngapi kwa tani, basi, jiwe likiwa tupu unarudi na sifuri hata kama mshipa wa dhahabu uko mita mia kutoka pale. Hawa wanataka ule mchanga mweusi unaobaki kwa karai, wanachambua punje mojamoja kwa darubini, wanazigandisha kwa gundi ngumu, wanasugua mpaka punje ya dhahabu inafunguka katikati ndo wanapima. Maana dhahabu ikikaa mtoni, madini ya fedha (silva) yaliyochanganyika nayo yanatoka polepole kwa ganda la nje, ukipima juu juu unadanganyika.

Hapo ndo waliniwin kabisa. Punje za kijito cha juu zilikuwa bado na pembe pembe na fedha nyingi ndani, za chini zimebondeka, fedha kidogo hata katikati. Yaani ni vyanzo viwili, na cha juu hakiko mbali! Tulikuwa tunaongea mshipa mmoja tu. Pairaiti nayo, yale madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu, wanaipiga leza inatoboa kashimo kadogo kama unywele, wanasoma aseniki, kwa sababu pairaiti yenye aseniki nyingi mara nyingi inabeba dhahabu isiyoonekana kwa macho.

Na siyo mambo mapya, Jwaneng kule Botswana almasi ilikuwa imefunikwa na mchanga mzito wa Kalahari, wakafuata punje za madini zilizopandishwa juu na mchwa. Sisi vichuguu viko kila mahali jamani, chukueni huo udongo!

Sasa ubaya. Muda ni mrefu sana kwa sababu sampuli zinaenda nje ya nchi, na ripoti ilikuja jedwali la namba tupu, hakuna ramani, tukalipa mjiolojia mwingine atusomee. Pia walitaka kutuuzia kipimo cha kloraiti, madini fulani ya kijani, kwa kusema kilifaulu kwa mgodi wa Batu Hijau, Indonesia. Ni kweli kule kemia ya kloraiti ilionyesha upande shaba ilipo kutoka kilomita kadhaa, lakini ile ni shaba ya aina ya pofiri, yaani imesambaa kidogokidogo ndani ya mwamba mkubwa, na sisi dhahabu yetu iko kwa mishipa ya kwatzi ndani ya miamba mikongwe, hesabu ya kule huwezi kuileta hapa hivi hivi. Tulikataa.

Nawapa 4 kwa 5, ramani wangeiweka ningewapa zote. Mkienda bebeni mchanga ambao haujaguswa na zebaki, inaganda juu ya dhahabu inaharibu punje, na kila mfuko uandikwe GPS ya pale ulipochotwa, bila hiyo hata wakipima vizuri namna gani hamtajua pa kuchimba.