Yale Assure ya moduli: kitasa kizuri, ukikiunganisha kwa mpangilio wake

Anayetaka kitasa janja kinachozungumza na kitovu cha nyumba (kifaa kinachoongoza vifaa janja vya nyumbani) bila kupitia intaneti, tunamshauri aitazame Yale Assure ya kizazi cha kwanza, ile yenye nafasi ya kuchomeka moduli ya redio kwenye kipande cha ndani, chini ya kifuniko cha betri. Sifa yake kubwa ni kwamba redio haikujengewa humo moja kwa moja. Leo unatumia Z-Wave, kesho ukibadilisha kitovu unachomoa moduli na kuweka ya Zigbee (zote mbili ni lugha za redio za vifaa janja), na kitasa kinabaki palepale mlangoni. Hata fundi anayetafuta hitilafu anafaidika, kwa sababu anaweza kutenganisha kitasa na redio yake na kujua kipi kinasumbua.

Lalamiko linalosikika zaidi ni kwamba hakiungani na kitovu. Katika hali nyingi kitasa ni kizima na moduli ni nzima. Kilichokosewa ni mfuatano wa hatua, na kitasa hiki hakisamehe mfuatano uliovurugwa.

Kwanza kabisa ni namba kuu ya siri, yenye tarakimu 4 hadi 8. Bila namba hiyo kitasa hakipokei agizo lingine lolote. Ikishawekwa, ondoa betri, chomeka moduli mpaka ikae sawasawa, kisha rudisha betri. Wengi huichomeka betri zikiwa ndani, na hapo kitasa hakitambui kuwa kimepata redio. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Amsha skrini kwa kiganja, ingiza namba kuu, bonyeza alama ya gia, halafu sikiliza sauti inayosoma menyu. Kipengele cha 7, cha mtandao, huwepo pale tu moduli inapotambuliwa. Sauti ikimaliza menyu bila kukitaja, usihangaike na kitovu. Rudi kwenye moduli na betri. (Kama sauti ilizimwa, iwashe kwa muda wa kazi hii. Kufanya kazi bila sauti ni kujitafutia tabu.)

Kwa wenye Z-Wave, hatua inayorukwa kuliko zote ni kukiondoa kitasa kwenye mtandao wa zamani kabla ya kukiingiza kwenye mpya. Moduli hukumbuka mtandao ilioingia, na ikishakuwa na mwenyewe haisikilizi mwaliko wa mwingine. Hata moduli mpya kutoka kwenye boksi inaweza kuwa imebeba kumbukumbu, hasa ikiwa jaribio la kwanza lilikatika njiani. Weka kitovu katika hali ya kuondoa kifaa, kisha kwenye kitasa: namba kuu, gia, 7, gia, 3, gia. Kitovu chochote cha Z-Wave kinaweza kufanya kazi hii, hata kama si kile kilichokiunganisha mwanzo. Kitovu kikithibitisha, kiweke katika hali ya kuongeza kifaa, kisha rudia kwa 1 mahali pa 3: namba kuu, gia, 7, gia, 1, gia.

Kabla ya hapo, angalia kama redio za pande zote mbili ni za eneo moja. Z-Wave ya Marekani iko kwenye 908.4 MHz na ya Ulaya kwenye 868.4 MHz. Moduli ya huku na kitovu cha kule havitasikilizana hata vikiwekwa juu ya meza moja, na hakuna mpangilio wa programu utakaowapatanisha. Soma lebo ya moduli na ya kitovu kabla ya kulipa.

Umbali nao una neno lake. Kitasa huingia kwenye mtandao kwa kubadilishana na kitovu funguo za usimbaji (namba za siri za kuficha ujumbe), na mazungumzo hayo yakikatika katikati, kitovu kinaweza kukisajili bila ulinzi. Utakiona kwenye orodha, jina lipo, lakini ukiamuru kifunge hakisogei. Mtu hudhani ameuziwa kibovu. Ulinzi hauwezi kuongezwa baadaye. Dawa ni kukiondoa na kukiingiza upya, safari hii kitovu kikiwa mita 1 au 2 kutoka mlangoni. Ni rahisi kusogeza kitovu kwa waya mrefu wa mtandao kuliko kung'oa kitasa. Kama moduli na kitovu vinatumia ulinzi wa S2 (njia mpya ya usimbaji ya Z-Wave), utaulizwa tarakimu 5 za mwanzo za namba ndefu iliyo kwenye lebo. Lebo hiyo ikiwa kwenye moduli yenyewe, haionekani tena ikishachomekwa, kwa hiyo ipige picha mapema.

Jaribio lililokatika huacha pia jina mfu kwenye orodha ya kitovu. Lifute kabla ya kurudia, la sivyo kitovu kitaendelea kulitafuta na mtandao mzima utakuwa mzito.

Halafu kuna kisa cha kitasa kinachoungana vizuri kitovu kikiwa karibu, kisha kupotea kitovu kinaporudishwa sebuleni. Ili kuokoa betri, kitasa cha Z-Wave hulala muda wote na kuamka kidogo sana kila sekunde kusikiliza kama kinaitwa. Kukiamsha kunahitaji wito maalumu unaodumu kama sekunde nzima, na si kila plagi janja inayopitisha ujumbe kati ya kitovu na kitasa inaweza kutoa wito huo. Plagi za zamani hasa hushindwa. Weka plagi ya Z-Wave Plus (kizazi kipya cha Z-Wave) inayotumia umeme wa ukutani ndani ya mita 5 kutoka mlangoni, kisha iagize programu ya kitovu ipange upya njia za mtandao. Kununua kitovu kingine hakutasaidia kitu hapa.

Upande wa Zigbee mambo ni mepesi kidogo, kwani hakuna tofauti ya MHz kati ya Marekani na Ulaya. Zote ziko kwenye 2.4 GHz. Adui ni Wi-Fi ya nyumbani inayotumia masafa hayohayo. Ruta ikiwa kwenye chaneli 11, epuka chaneli za Zigbee kuanzia 21 hadi 24. Kitovu kinachotumia kidude cha redio cha USB kisichomekwe moja kwa moja kwenye tundu la USB 3.0, kwa sababu tundu hilo hutoa kelele kwenye 2.4 GHz. Waya wa nyongeza wa mita 1 hutosha kumaliza tatizo ambalo watu hulitafuta kwa wiki.

Betri tunazisisitiza kwa sababu hulaumiwa mwisho ilhali zingeangaliwa mwanzo. Kitasa kinataka AA nne za alkalini, ambazo zikiwa mpya hutoa volti 6. Betri za kuchaji za NiMH hutoa volti 1.2 kila moja, jumla 4.8, na kitasa huziona kama zinazokaribia kwisha tangu siku ya kwanza. Za lithiamu nazo hudanganya kwa namna nyingine: volti zake hukaa juu muda mrefu kisha huporomoka ghafla, hivyo asilimia unayoiona kwenye kitovu haina maana. Usichanganye mpya na kuukuu.

Mlango nao uchunguzwe. Kipime kitasa mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa. Ulimi hutoka milimita 25, na tundu la kwenye mwimo likiwa fupi, mota husukuma, hukwama, na kitovu huonyesha kosa ambalo mtu hulisoma kama tatizo la muunganisho. Angalia pia waya unaopita ndani ya mlango kati ya skrini na kipande cha ndani. Ukibanwa wakati wa kukaza skrubu, skrini huwaka na kuzima ovyo.

Je, ununue kitasa cha Matter (kiwango cha pamoja cha vifaa janja vya kampuni mbalimbali) badala yake, kama Aqara U200? Huko kuungana ni kwa kuskani msimbo au kuandika namba ya tarakimu 11, na hilo tunalipenda. Ila masharti hayakosi: Bluetooth ya simu iwe imewashwa, simu isiwe kwenye mtandao wa wageni, IPv6 (mfumo mpya wa anwani za mtandao) isizuiwe kwenye ruta, na kwa vitasa vya Thread (mtandao wa redio unaotumia umeme kidogo) lazima pawe na kifaa cha kuunganisha Thread na mtandao wa nyumbani, kama HomePod mini. Ukitaka kuongeza kitovu cha pili, msimbo wa kwenye lebo haufai tena. Unaomba mpya kutoka kitovu cha kwanza.

Kwa mwenye kitovu cha Z-Wave au Zigbee tayari, Assure tunaipendekeza bila kusita. Lalamiko letu moja la dhati ni kwamba kila kitu kimefungwa nyuma ya namba kuu. Aliyehamia nyumba yenye kitasa hiki asiyeijua namba hiyo hana njia ya mkato. Ni kuondoa kifuniko na betri, kufungua kipande cha ndani, na kutafuta kitufe kidogo pembeni ya kiunganishi cha waya. Kishikilie kwa sekunde 3 au zaidi huku ukirudisha betri, kisha kiachie. Namba zote za zamani zitafutika na kitasa kitakubali jambo moja tu, kuwekewa namba kuu mpya. Kitovu hakitajua kuwa kitasa kimefutwa, kwa hiyo jina la zamani uliondoe mwenyewe kabla ya kuanza kuunganisha.