Jersey Wooly ndani ya nyumba na mezani kwa jaji: uzoefu wangu

Tunaishi Ohio. Binti yangu alipojiunga na 4-H, mpango wa vijana wa Marekani wa kujifunza kwa vitendo, ufugaji ukiwamo, alitaka sungura wa mashindano, tukamchukua Jersey Wooly. Mama yangu Morogoro bado anauliza kwenye simu tunamchinja lini. Namwambia hata mchuzi hautoshi: wa mashindano hatakiwi kuzidi paundi 3.5, kama kilo 1.6 hivi.

Aina hii ilianzia New Jersey miaka ya 1970. Mfugaji Bonnie Seeley alichanganya Angora wa Kifaransa, sungura wa sufu ndefu, na Netherland Dwarf, sungura mdogo sana, ili apate sungura wa sufu asiyesumbua kama Angora, na mwaka 1988 ARBA, chama cha wafugaji wa sungura Marekani, kikaitambua rasmi.

Je, kweli hasumbui? Akishakuwa mkubwa, hasumbui. Manyoya yake ya juu, yale yanayoteleza, ni mengi kuliko sufu ya chini, kwa hiyo ukimchana mara moja kwa wiki inatosha. Mtoto ndiye kazi. Sufu yake ni kama pamba, inajisokota nyuma ya masikio, chini ya kidevu na makwapani, na usipomwangalia kila siku unakuta bonge limekaza. Usilivute, wala usikimbilie mkasi, maana ngozi ya sungura ni nyembamba na huinuka pamoja na bonge. Lichambue kwa vidole, taratibu, ukianzia kwenye ncha. Kumwogesha, hapana kabisa.

Nyasi kavu zisikosekane. Anapojilamba humeza manyoya na hawezi kutapika, hivyo nyasi ndizo zinazosukuma tumbo. Kiangazi mpe kiyoyozi, joto linaweza kumuua.

Tabia nampa alama zote. Wafugaji humsifu kuwa sungura asiyepiga teke, na wetu hulala mapajani akichanwa; ugomvi uko kwenye kukata kucha tu.

Mashindanoni lazima awe na tatuu ya utambulisho kwenye sikio la kushoto. Jaji humpulizia manyoya yafunguke, kisha anayapapasa. Wetu alisifiwa kichwa, kifupi chenye masikio mafupi, lakini akashushwa kwa sababu sufu ilikuwa laini mno. Binti alinuna mpaka nyumbani.

Ukinunua, chukua aliyekwisha kubadilisha manyoya ya utotoni, na umfungue mdomo kabla hujalipa: vichwa hivi vifupi wakati mwingine huja na meno yasiyokutana, na meno ya sungura hayaachi kukua.