Maelekezo ya programu ya stoku: picha nzuri, ila si kote

Natunza stoku ya depo ya dawa hapa Kadutu, Bukavu, na programu tuliyonunua ilikuja na maelekezo ya PDF. Sura ya kuingiza bidhaa naipenda sana: kila picha ya skrini imekatwa, kimebaki kidirisha kinachohusika tu, na mshale mwekundu unaonyesha pa kubofya. Msaidizi wangu, mgeni kabisa wa kompyuta, aliifuata peke yake hadi kuingiza tarehe ya dawa kuisha muda. Sura ya ripoti inaudhi. Picha ni za toleo la zamani, vitufe vya Kiingereza wakati skrini yetu ni ya Kifaransa, na ukichapisha kwa wino mweusi mishale inafifia. Jina la kitufe liandikwe pia kwa maneno chini ya picha, jamani! Nunueni, ila ombeni kwanza maelekezo ya Kifaransa.