Kizimba cha Kioo kwa Nyoka wa Darasani: Milango Mizuri, Joto la Kubahatisha

Kizimba hiki huuzwa kama seti kamili kwa mtu anayeanza kufuga nyoka. Ndani ya boksi mna kizimba chenyewe, chenye urefu wa sentimita 90 na kina na kimo cha sentimita 45, mkeka wa joto wa kubandika chini ya kioo, kipimajoto cha mshale, bakuli la maji, pango moja la plastiki na mfuko wa maranda. Nilikinunua kwa ajili ya darasa la wanafunzi wa miaka 10 na 11, tukamweka ndani nyoka wa mahindi, ambaye kisayansi huitwa Pantherophis guttatus, mwenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, asiye na sumu na anayekamata windo lake kwa kulizonga. Wanafunzi walimpa jina la Utepe. Tumekitumia kizimba hicho mwaka mzima, na hilo neno "kamili" lililoandikwa kwenye boksi bado lina deni kwetu.

Nianze na kilichonipendeza. Milango miwili ya kioo hufunguka kwa mbele, na hilo si urembo tu: nyoka anayeshikwa kutoka juu hudhani amevamiwa na ndege, lakini mkono unaomjia polepole kwa ubavuni haumshtui sana. Kufuli ni la ufunguo, limekaza, na halijawahi kulegea. Mzazi wa kwanza kufika siku ya wazazi hakuuliza nyoka anakula nini. Aliuliza ufunguo unakaa kwa nani, na nilifurahi kwamba nilikuwa na jibu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na si haki kumdharau mzazi mwenye hofu hiyo.

Hata hivyo, aliyebuni milango hiyo inaelekea hakuzungumza na aliyebuni ukuta wa nyuma. Huko kuna tundu la kupitishia waya, lenye kifuniko cha plastiki kinachoteleza bila chochote cha kukizuia. Utepe alipofika alikuwa na unene wa penseli, na kwa nyoka, tundu linalopitisha kichwa hupitisha na mwili wote. Wiki ya pili tulikuta kizimba kitupu huku milango ikiwa imefungwa vizuri. Tulimpata siku ya tatu, amejikunja ndani ya boksi la chaki kuukuu nyuma ya kabati la vitabu, mzima wa afya na bila dalili yoyote ya majuto. Tangu siku hiyo tundu limezibwa kwa sifongo ngumu na utepe wa gundi, na wanafunzi hawajachoka kunieleza kwamba utepe ndio unaomzuia Utepe.

Kasoro kubwa zaidi ni joto. Nyoka hazalishi joto la kutosha mwilini mwake; hulitafuta nje, na bila joto hilo chakula hakisagiki tumboni, hata huweza kukitapika. Nyoka wa mahindi anahitaji upande mmoja wenye nyuzi 29 hadi 31 za Selsiasi na upande wa pili wenye takriban 22 hadi 25, ili achague mwenyewe. Mkeka uliomo kwenye seti hauna thamostati, yaani kifaa cha kuuzima na kuuwasha ili joto lisipite kiwango kilichowekwa. Ukiuchomeka, unaendelea kupata moto tu, na kipimajoto cha mshale, ambacho kimebandikwa juu ya kioo cha pembeni, hupima hewa ya pale kilipo wala hakijui kinachoendelea sakafuni anapolala nyoka. Nilipoweka kipimajoto cha dijitali chenye kihisi cha waya juu ya mkeka, kilisoma zaidi ya nyuzi 40 wakati mshale ulikuwa umetulia kwenye 27. Joto la namna hiyo humwunguza nyoka tumboni. Nyumbani mtu angeweza kupita na kugusa kioo mara kwa mara. Darasa hubaki bila mtu tangu mchana wa Ijumaa hadi asubuhi ya Jumatatu. Thamostati tuliinunua kando, na kwa maoni yangu seti isiyo nayo haikustahili kuuzwa.

Maranda nayo tuliyatupa. Mfuko haukutaja ni ya mti gani, na harufu yake kali ilinitia shaka, kwa kuwa mafuta ya mwerezi hudhuru mapafu ya nyoka. Karatasi tupu imetosha, tena huonyesha uchafu mapema. Pango moja pia halitoshi: likiwekwa upande wa joto pekee, nyoka hulazimika kuchagua kati ya kujificha na kupoa. La pili tulilitengeneza kwa boksi la kadibodi.

Uangavu wa kioo, nakiri, ulilipa gharama yake siku Utepe alipojivua gamba. Macho yalikuwa yamegeuka meupe yenye ubuluu kwa siku kadhaa, kisha yakang'aa tena, na asubuhi moja akaanza kusugua pua kwenye jiwe tulilomwekea, maana pango la plastiki ni laini mno kwa kazi hiyo. Ngozi ilitoka imegeuzwa ndani nje kama soksi. Wanafunzi waliitandaza mezani na kutafuta kwa lenzi vile viwambo viwili angavu vya macho, kwa sababu nyoka hana kope, na kiwambo kikibaki jichoni ni tatizo. Vyote viwili vilikuwepo.

Kijitabu cha maelekezo kinaeleza vizuri kuhusu panya waliogandishwa: wayeyushwe kwa maji ya vuguvugu, wasizidi sana unene wa nyoka, naye asishikwe kwa saa 48 baada ya kula. Ajabu ni kwamba hakisemi neno juu ya bakteria wa salmonela, ambao mnyama mtambaazi huweza kuwabeba bila kuonekana mgonjwa. Kwetu, kila anayemgusa Utepe au bakuli lake hunawa kwa sabuni papo hapo, na vyombo vyake haviingii kwenye sinki la jikoni. Kwa darasa la watoto walio chini ya miaka 5 nisingemweka nyoka kabisa, hata kizimba kingekuwa bora kiasi gani.

Utepe sasa anakaribia sentimita 75, na nyoka wa aina yake hufika 120 au zaidi, hivyo kizimba kitakuwa kidogo kabla hajafikia ukubwa wake kamili. Kipya cha sentimita 120 kimeshaagizwa, kikiwa kitupu, bila mkeka wala kipimajoto. Thamostati yetu itahamia humo pamoja naye.